Miji Mitatu ya Ufaransa Mlangoni Mwangu

Mwenzenu nina aibu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka hujifunika uso kwa leso, hata nikiwa peke yangu jikoni nakuna nazi, na si aibu ya kumwibia mtu wala ya kufumaniwa, la, Mungu aniepushe, ni aibu ya kibao cha mlangoni, na wa kulaumiwa si mume wangu, wala si Wafaransa, wala si yule fundi wa rangi aliyenilia kuku mzima kwa kazi ya asubuhi moja. Wa kulaumiwa ni mdomo wangu huu, ambao kwa kuuliza bei ya samaki hauna mpinzani Likoni nzima, lakini haukupata kuuliza swali dogo tu: maana yake nini?

Ilikuwa miaka ile watu wakibishana barazani kutwa kucha kama Mwambao ubaki na Sultani ama uende na Bara, uhuru u karibu lakini haujapiga hodi, nami nilikuwa mke mchanga pale Bofu ya Likoni, katika nyumba aliyoniachia marehemu baba, nyumba kubwa yenye ukumbi na vyumba huku na huku, na ndani mwake hamna mtu ila mimi na paka. Kwani mume wangu Kombo alikuwa baharia, msaidizi wa mpishi katika meli moja ya Kifaransa iliyokuwa ikitoka kwao Ulaya, ikapita Jibuti, ikatia nanga Mombasa, ikaenda zake Bukini, ndiyo Madagaska, na kurudi, kwa hiyo mimi mume nilikuwa naye kama mtu alivyo na mvua: hujui lini, na ikija haikai.

Sasa Kombo ni mtu mkimya, nawaambia mkimya. Tangu anioe hakupata kuniita mpenzi, wala mahabubu, wala roho yangu, maneno ambayo wenzangu walikuwa wakiitwa mpaka wanachoka nayo (ama walikuwa wakisema wanaitwa, wanawake na uongo mnajua). Kwa Kiswahili mimi nilikuwa Rukia, basi. Lakini kwa Kifaransa, jamani! Akirudi safari ulimi ulikuwa umefunguka. "Mapisi, chai tayari?" "Masuri, mbona umenuna?" Na akishakula wali wake wa nazi, akaramba vidole, akajinyoosha mkekani, husema taratibu, "Ahsante, Molapen." Na anavyoyasema! Sauti inashuka, jicho linalegea, hata paka alikuwa akigeuka kumtazama.

Mngedhani ningeuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilijiona nimeshajua. Kombo alikuwa akinisimulia miji ya Kifaransa anayopita, Marsei, na Majunga kule Bukini, na Mayote, na Moroni ya Ngazija, na mimi kwa akili zangu nikapiga hesabu nikaona miji ya watu hawa yote huanza na Ma ama na Mo. Marsei, Majunga, Mapisi, Masuri. Moroni, Molapen. (Hata Mombasa yetu nikaona pengine wao ndio walioitia jina, na siku moja nikalisema hilo mbele ya watu kisimani, sitaki kukumbushwa.) Nikajua basi mume wangu hunifananisha na miji, kila nikifanya zuri anipa mji. Si watungaji wetu wa zamani nao humsifu mwanamke kwa kumfananisha na bustani na majumba? Nikaridhika.

Kilichopigilia msumari ni mkebe wa biskuti. Safari moja aliniletea mkebe mkubwa wa bati, juu ya kifuniko pamechorwa bandari ya kizungu, nyumba nyeupe zimepandana kilimani, taa zinamulika majini, na chini ya picha ile pamekwaruzwa maneno kwa msumari. Mimi nilisoma chuoni, Kurani tu, herufi za Kiarabu nazijua kama vidole vyangu, hizi za kizungu nilikuwa nazitazama tu kama mtu atazamavyo nyayo za kuku. Nikamwuliza, "Haya yasemaje?"

"Mapisi," akasema.

"Ah! Ndio Mapisi hii?"

Naye mdomo umejaa sambusa, akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mapisi ni wewe."

Jamani, mngenitoa wapi tena hapo?

Basi mambo yakaanza kwa jambo jema kabisa. Wakati ule watu wa Msambweni na Vanga na Lungalunga wakija Mombasa kwa hospitali ama kwa harusi, wengine walikuwa wakichelewa feri, na mwanaume hulala popote, lakini mwanamke na watoto wake alale wapi? Nikasema, mimi nina vyumba, nitalaza wanawake na jamaa zao, kwa heshima, mlango unafungwa mapema, asubuhi mahamri na mbaazi. Nikanunua vitanda, nikashona magodoro ya sufi, nikapaka chokaa. Wifi yangu Zena, dada yake Kombo, akaja akasimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni, akasema, "Mke wa mtu kulaza wageni! Kwetu hayakuwako haya. Ndugu yangu akirudi atakuta mkewe ni dalali wa vitanda." Zena alikuwa mwanamke wa maneno makali, na mimi nilikuwa namwogopa, na kwa sababu namwogopa nilikuwa napenda sana kumringia.

Na kumringia ndiko kulikonipeleka shimoni, kwani nyumba ingeliweza kukaa bila jina ikalaza watu salama salimini. Lakini nikasema, hapana, nitaipa jina ambalo Zena hajapata kulisikia na hatoweza kulitamka. Nikamwita fundi wa rangi, nikampa ule mkebe, nikamwambia, "Nakili haya yaliyokwaruzwa, usiache hata nukta, uyaandike kwenye ubao mkubwa wa mlango wa mbele, kwa rangi ya samawati." Akaandika: MA PUCE. Kisha nikamtajia ile miji mingine miwili kwa mdomo, akaiandika alivyoisikia kwenye vibao vidogo vya milango ya vyumba: MASURI, na MOLAPEN. Vikapendeza, wallahi, hata fundi mwenyewe alirudi nyuma hatua akavitazama akasahau kutafuna.

Lakini kulaza watu kulitaka ruhusa ya manispaa, na ruhusa huletwa na bwana afya, yule afisa anayekagua kama nyumba ni safi. Nikaletewa habari kwamba atakuja siku fulani, na siku hiyohiyo, kwa bahati (mimi niliona bahati!), meli ya Kombo ilikuwa inaingia Kilindini. Nikapanga mambo yangu: asubuhi bwana afya anipe ruhusa, majirani washuhudie, vigelegele, halafu jioni mume wangu afike akute miji yake yote i mlangoni imemtangulia. Nikavifunika vibao vyote kwa leso mpya, vifunuliwe mbele ya watu. Nikawaalika wanawake wa mtaa wote. Zena sikumwalika, nikajua atakuja, na akaja wa kwanza.

Bwana afya akafika na kaptula yake nyeupe imenyooka kwa pasi, soksi mpaka magotini. Alikuwa Mshelisheli, mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake kizuri ila kinapita puani kidogo. Akaingia, akapindua magodoro, akachungulia mvunguni, akainama kwenye mitungi kutafuta viluwiluwi vya mbu, akapitisha kidole kwenye nyufa za vitanda kutafuta kunguni, nami nyuma yake roho juu, na nyuma yangu wanawake wote, na nyuma yao Zena anaomba apatikane hata mmoja. Hakupatikana. Akaninyooshea mkono, akasema, "Bibi, nimekagua nyumba nyingi upande huu, lakini usafi kama huu ni nadra." Nikamtazama Zena. Ah, ingeliishia hapo!

"Bado jambo moja, bwana," nikasema, "jina." Nikawatoa wote nje, nikashika ncha ya leso, nikavuta.

Vigelegele vikapanda. Bwana afya akasoma. Akasoma tena. Nikaona masharubu yake yanacheza.

"Bibi, nani kakuchagulia jina hili?"

"Mimi mwenyewe, bwana. Ni mji huo. Mji mkubwa wa Ufaransa, una bandari na taa, mume wangu hupita huko kila safari."

"Mji?"

"Naam. Na vyumbani imo mingine. Masuri na Molapen."

"Hebu itaje tena, tafadhali."

Na mimi nikainua sauti, kusudi Zena asikie vizuri, nikaitaja kama mtu anayesoma kasida: "Mapisi! Masuri! Molapen!"

Bwana yule alijitahidi, sitomdhulumu. Aligeuka akatazama mgomba, akakohoa, akatoa leso mfukoni akajifuta, lakini kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na wanawake nao wakaanza kucheka kwa kuwa yeye anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, sijui tunacheka nini.

"Bibi," akasema alipopata pumzi, "Kifaransa mimi nimekinyonya kwa mama yangu. Huo si mji. Huyo ni kiroboto. Kiroboto wangu, ndivyo ubao usemavyo. Na huko ndani umeweka panya wangu, na sungura wangu."

Vicheko vya wanawake vikakatika.

"Kazi yangu mimi ni kuwatafuta viroboto na panya," akaendelea, machozi yanamtoka, "na kila mtu hunificha. Wewe ndiwe wa kwanza kuwaandika mlangoni."

Hapo ndipo Zena alipopata siku yake. Alijipiga kifua, akageukia umati, akasema kwa sauti ya kufika feri, "Ala! Kumbe ndugu yangu muda wote huu amwita mkewe kiroboto! Nasi twadhani hamjui! Kumbe keshamjua zamani!" Jamani, wanawake walikaa chini. Bi Mishi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu mzima wa kuheshimika, aliinama akashika tumbo. Yule bwana afya aliinua mkono, akawa anasema, "Ngoja, bibi, ngoja, kwa Wafaransa neno hilo ni la..." lakini mimi nilikuwa nasikia masikioni kama mtu aliyetumbukia majini. Nilikuwa nayakumbuka yote. Mapisi, chai tayari? Kiroboto, chai tayari! Masuri, mbona umenuna? Panya! Na mimi nikiitikia! Nikiitikia abee!

Nikavaa buibui, nikaung'oa ule ubao kwa mikono yangu, misumari na yote, nikauweka kwapani, nikashika njia ya feri.

Sasa ningekwenda peke yangu ingekuwa aibu ya mtu mmoja, lakini Bi Mishi alinifuata kunisihi nirudi, na Zena alinifuata kuona haki ikitendeka, na wengine walifuata kwa kuwa waliotangulia wamefuata, na tulipofika kwenye feri tulikuwa kama tunaokwenda kuleta bibi harusi. Ubao ulikuwa mrefu kuliko buibui langu, ukichungulia mbele na nyuma, na bwana mmoja mwenye baiskeli akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, wajenga?" Zena akajibu kwa niaba yangu, "Avunja." Na katikati ya maji, watu wote wakiusoma ule ubao na kuulizana, Zena akawaeleza, bila kuacha kitu, na feri nzima ikacheka, mpaka yule anayekusanya kamba.

Tukafika bandarini. Langoni askari akanizuia, akasema wanawake hawaingii. Nikamwambia, "Siingii. Nitolee Kombo, wa meli ya Wafaransa." Makuli walikuwa wanatoka kwa chakula cha mchana, wakaona wanawake na ubao, wakasahau chakula. Wakatuzunguka. Haukupita muda Kombo akatokea, mfuko begani, na ubavuni mwake Mfaransa mmoja mnene ana aproni, ndiye mpishi mkuu wake, na nyuma yao mabaharia kadhaa. Yule Mfaransa akaona ubao, akausoma, akanitazama mimi, akafungua mikono kama mtu anayepokea mtoto wake kutoka hija.

"Aaa! Pisi! Pisi ya Kombo!"

Na wale mabaharia nyuma, weusi kwa weupe, wakaitikia kwa furaha, "Pisi! Pisi!" Kumbe meli nzima yanijua! Kumbe kutoka hapa mpaka Marsei mimi ni kiroboto wa Kombo!

"Kombo," nikasema, "nataka talaka yangu. Hapa hapa. Mashahidi ni hawa makuli."

Kombo akauangusha mfuko. "Nimefanya nini, Rukia?"

"Mimi ni kiroboto?"

Mtu mwingine angeliapa, angelikana, angelimsingizia bwana afya. Kombo akafikiri, akasema, "Ndiyo."

Makuli wakaguna.

"Na panya?"

"Panya mdogo," akasema, kana kwamba udogo wake ungemwokoa.

Nikaanza kulia. Nilikuwa sijalia njia nzima, lakini hapo machozi yalinitoka kama bomba, na ule ubao ukaniponyoka ukaangukia mguu wa yule mpishi mkuu, akaruka na mguu mmoja akisema maneno ambayo nadhani hayakuwa miji pia. Kombo akasogea. Nilimwona anavyojikaza, maana kusema mbele ya watu kwake ni kama kuvuliwa nguo.

"Nisikilize," akasema. "Huyu mkubwa wangu ana mke. Pande la mwanamke, anamzidi yeye. Tukitia nanga kwao huja gatini kumpokea, naye humwita kwa sauti, mapisi! kiroboto wangu! Na mwanamke yule hulia kwa furaha, humrukia shingoni, mara moja wote wawili nusura waangukie baharini. Nikawauliza wenzangu maana yake. Wakaniambia wale ndivyo wanavyopendana, huitana wanyama na wadudu, kidogo ndicho kizuri, kwa kuwa kidogo hutunzwa. Nikakuona wewe, u mdogo, hukai kitako, warukaruka kutwa kucha. Nikaona ndilo jina lako hasa."

"Na kwa nini usinambie kwa Kiswahili, kama wanaume wengine?"

Akainamisha kichwa. "Kwa Kiswahili naona haya," akasema. "Kiswahili nilisemeshwa na mama yangu, nilisemeshwa na mwalimu wangu na fimbo yake. Nikitaka kukuambia kitu kwa Kiswahili naona kama wote wamesimama wananisikiliza. Kifaransa, ni kama asemaye si mimi."

Nawaambia kweli, hasira ilikuwa imeniishia alipotaja haya, lakini nimekuja na mtaa mzima na nimevuka bahari na ubao, siwezi kurudi mikono mitupu. Nikafuta machozi, nikasema, "Basi kiseme leo. Kwa Kiswahili. Watu wote wanasikiliza."

"Rukia..."

"Kiseme, baharia!" kuli mmoja akapiga kelele, na wenzake wakaitikia, na askari wa langoni akaacha lango lake akasogea asipitwe.

Kombo akauokota mfuko, akauweka tena chini. Akamtazama dada yake, Zena akamkazia macho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Rukia, wewe ni roho yangu. Nikiwa huko siku zote nakufikiri."

Makuli walishangilia kana kwamba uhuru umetangazwa. Yule mpishi mkuu, mguu wake mkononi, akapiga makofi bila kujua limesemwa nini. Na Zena, aliyevuka bahari kuja kuniona naachwa, akavuta ukingo wa buibui akajifuta macho, akasema bandari hii vumbi lake la makaa ni baya sana.

Tukarudi nyumbani, Kombo kabeba ubao begani, feri ileile, na watu walewale wa asubuhi waliokuwa wanarudi makwao wanauliza, "Mmepatana?" Bwana afya tukamkuta amekaa barazani kwangu anakula mahamri, maana hakuweza kuondoka bila kunipa ruhusa. Akanipa, kwa sharti moja, vile vibao viondoke, kwani mkubwa wake ofisini naye asije akawa anajua Kifaransa.

Vikaondoka. Lakini jina likabaki, nani angeweza kuling'oa? Nyumba nikaiita Darusalama, nikaliandika kwa Kiarabu na kwa kizungu, na hakuna mtu aliyepata kulitamka. Wageni walikuwa wakishuka basi kutoka Vanga na watoto na vikapu, wanauliza njiani, "Kwa Bi Kiroboto ni wapi?" na wanaonyeshwa, na walikuja wengi, sitosema uongo, vitanda havikulala vitupu. Watoto wa chuoni walikuwa wakinipita mlangoni wanajikuna kwa makusudi. Kombo ndiye aliyeumia zaidi yangu, kwa sababu makuli wa Kilindini kila wakimwona walikuwa wakimwita "Roho Yangu," mpaka alipoacha bahari akatafuta kazi Changamwe ambako hakuna anayemjua, na juma la pili akamkuta huko kuli mmoja wa siku ile.

Basi mimi nikaweka nadhiri, na nimeishika: neno la watu nisilolijua silitii mdomoni, silivai, silitundiki, mpaka aliyelileta anikalishe aniambie lina miguu mingapi.

Mwaka ule wa uhuru, mtoto wa dada yake Bi Mishi alijifungua mtoto wa kike, wakaja kwangu ujumbe mzima, wamejitanda, wananiomba kwa adabu, "Bi Rukia, wewe mumeo amezunguka dunia, tutafutie jina zuri la Kifaransa, la mji wowote."

Nikamtazama yule mtoto, anapiga miayo.

"Mwiteni Fatuma," nikasema, nikaenda zangu jikoni.